Tunashuka

Dada yangu Nzisa alijifunza kufungua mkanda wa ndege kabla ndege yenyewe haijawashwa. Alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili, yakawa meupe kama uji mwepesi. Lakini vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyesuka viondo maisha yake yote. Kapteni alimfunga, kisha akamshika mkono akamwonyesha: hapa unasukuma kifungo kinaingia, hapa unainua kinatoka. Nzisa akasukuma, tk. Akainua, tk. Akasukuma tena, tk. Akacheka.

"Kumbe ni kitu rahisi hivi," akasema. "Kathini, umeshika yako?"

Kathini ni mama wa huko kwetu Nuu, naye macho yalikuwa yamemwisha, na ndiye alikuwa amekaa ubavuni mwa Nzisa. Akapapasa kile chuma kilicho tumboni mwake akakiacha.

"Hii mimi siiwezi. Aliyenifunga ndiye atanifungua."

"Wewe ulipewa vidole gumba kumi," Nzisa akamwambia.

"Na wewe ulipewa mdomo."

Kapteni akacheka nao. Jina lake Waruguru, msichana mwembamba kutoka upande wa Nyeri, nywele amekata fupi, Kiswahili chake kile kisafi cha shule. Alisema polepole ili asikike: "Mama zangu, mnisikize. Mikanda haifunguliwi tukiwa juu. Tukifika, injini ikizimwa, nikiwaambia tunashuka, hapo ndipo mnafungua. Tumeelewana?"

"Injini ikizima, ukisema tunashuka," Nzisa akasema, kama mtoto anayesomeshwa mstari wa Biblia.

"Hapo hapo, mama."

Ben, kijana wa kanisa aliyezunguka vijiji akitafuta watu wenye macho mabovu, alikuwa kiti cha nyuma pamoja na maboksi ya dawa. Akasema, "Tuinamishe vichwa." Tukainamisha. Akaomba maombi marefu, akamkabidhi Mungu mabawa, injini na mikono ya rubani, akamaliza kwa kusema kwamba tukifika tutainamisha vichwa tena, tutoe shukrani. Nzisa akasema Amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Ninayaandika haya ya mwanzo kwa sababu ndiyo yenye maana. Yaliyofuata watu wengi wameyasimulia, na picha zikapigwa.

Mimi ni Mutie. Shule yangu ni ya vipande: darasa la pili Nuu, la nne Migwani, na mengine nikajisomea kwenye magunia ya saruji na magazeti yaliyofungia nyama. Nimekuwa utingo wa malori, nimekata mkonge Voi, nimechoma makaa, nimelinda mashamba ya mbegu kule Kiboko. Mahali nikikaa mpaka watu wajue jina langu, miguu inaanza kuwasha. Wazazi walikufa nikiwa njiani. Nzisa ndiye aliyewazika, na ndiye aliyeuacha mlango wa kibanda changu bila kufuli, kila mwaka akibadilisha nyasi za paa, kwa ajili ya mtu ambaye hakujua kama yu hai.

Aliposikia niko Kiboko, alinitumia mtu. Dereva wa lori la ndengu alishuka akamuulizia mlinzi anayeitwa Mutie, aliponipata akasema, "Dada yako anasema macho yamekwisha, na kabla hayajafunguliwa hospitalini anataka ujue uko na kwenu."

Nilirudi. Alinipokea mlangoni kwa mikono yake, akanipapasa uso, mashavu, masikio.

"Huyu ni nani mwenye uso kama kiatu cha zamani?"

"Ni mimi."

"Siamini. Mutie alikuwa kijana mzuri. Wewe umekula nani ukavaa sauti yake?"

Tukacheka, kisha hatukucheka. Akaniambia, "Sitaki kukuona kwa vidole. Vidole vinanipa mtu mzee nisiyemjua. Kaa nami mpaka nifunguliwe macho. Nikishakuona, hata ukienda zako sitalia. Nitakuwa nimekuona."

Nikakaa. Hilo ndilo jambo lililonipandisha ndege. Mimi sikuwa na ugonjwa wowote wa macho. Nzisa alikataa kwenda bila mimi, akamwambia Ben, "Bandeji ikitolewa awe amekaa mbele yangu hapa. Nisianze na ukuta."

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Makueni, chini kule karibu na barabara ya Mombasa. Ni safari ya gari, siyo ya ndege. Lakini mwaka ule mvua ilinyesha kama ya kulipiza kisasi. Mito yetu, ambayo siku zote ni mchanga mtupu ambao unauchimba ndipo upate maji, ilikuja yote kwa pamoja. Madaraja yale ya chini yakafunikwa. Ben akahangaika na simu zake mpaka akapata watu wenye ndege ndogo ya kusaidia wagonjwa, na ndiyo ikatua kwenye kile kiwanja cha udongo, watoto wakaikimbilia.

Mimi niliwekwa mbele kando ya kapteni kwa sababu goti langu moja halikunjiki. Nzisa na Kathini nyuma yangu, Ben nyuma kabisa.

Ndege ilipoondoka Nzisa alipiga kigelegele. Baada ya hapo hatukusikilizana tena. Injini ilikuwa inapiga kelele ya kukoboa mahindi, na ukitaka kusema jambo ni lazima upasue koo. Alinigusa bega akapiga kelele, "Unaona nini?" Nikageuka nikamwambia nitamwambia tukifika. Kwa hakika sikujua nianzie wapi. Chini kulikuwa na njia zote nilizowahi kuzitembea. Vilima ambavyo vilinichukua asubuhi nzima kuvipanda nilivipita kabla sijakohoa. Niliona kibanda ambamo niliwahi kulala, au kinachofanana nacho. Niliona mito ikiwa myekundu, mipana, ikibeba miti mizima. Nilifikiri, maisha yangu yote yanaenea kwenye kioo kidogo kama hiki.

Ndipo injini ikakohoa.

Ilikohoa kama mtu aliyepaliwa na pilipili, ikarudi, ikakohoa tena. Mafuta meusi yakaruka kwenye kioo. Halafu ikanyamaza. Pangaboi ile ya mbele, ambayo ilikuwa haionekani kwa mbio, nikaiona imesimama wima kama kijiti.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Kulikuwa na upepo tu, unapita mabawani kama mtu anayepepeta.

Nimekaa na madereva wa malori wengi. Breki zikikatika kwenye mteremko dereva hupiga mayowe, na kwa mayowe hayo unajua ushike wapi na uombe nini. Nilimwangalia Waruguru nikingojea mayowe. Hayakuja. Mikono yake ilikuwa inatembea, hapa anageuza, hapa anasukuma, hapa anajaribu kuwasha, inakataa, anajaribu tena, inakataa. Akaanza kusema na redio kwa Kiingereza, sauti ile ile ya kutufunga mikanda. Kama ningekuwa nimefumba macho ningesema ni mtu anaagiza chai.

Nikamwambia, "Kapteni, mchanga wa mto. Mto uko sawa kama meza."

"Ungekuwa sawa, mzee," akasema. "Angalia leo."

Nikaangalia. Mchanga niliokuwa nausema ulikuwa chini ya maji mekundu yanayokimbia. Kwingine kote kulikuwa miti ya miiba, mawe, na matuta ya mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi kwenye vilima. Hakukuwa na mahali pa kuweka hata baiskeli.

Alipinda ndege kidogo, polepole, na mbele yetu kukatokea bwawa. Bwawa la Kwa Ndululu, lililochimbwa kwa ajili ya vijiji vya pande zote za mto, na ambalo tangu lichimbwe halikuwahi kujaa. Siku ile lilikuwa limejaa mpaka kwenye kingo.

"Mzee wangu," Waruguru akasema, "shika huu mpini wa mlango. Nikikwambia, ufungue kidogo, weka kiatu chako katikati usijifunge tena. Mlango ukijipinda tukigonga hatutatoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Macho yako yawe kwa mlango tu. Usiangalie mbele."

Kisha akapaza sauti kidogo ifike nyuma, lakini ilikuwa ile ile, haikutetemeka hata herufi moja. "Haya wapendwa. Tunashuka. Tunashuka kwa bwawa. Inamisheni vichwa, mshike magoti." Redio ikamwita hapo hapo akaigeukia.

Mimi nilikuwa na mpini. Bwawa lilikuwa linapanda kutufuata. Nyuma yangu nikasikia watu wananong'ona Kikamba, nikadhani ni maombi. Nikasikia kitu kidogo, tk. Nikadhani ni chuma cha ndege.

"Sasa, mzee."

Nikafungua, nikatia kiatu.

Alichofanya yule msichana sijawahi kuona mwanamume akifanya. Aliiinua pua ya ndege wakati kila kitu mwilini kinakwambia ulale nayo chini, akaishikilia pale, akaishikilia, mkia ukagusa maji kwanza, shshshsh, kama bati linaloburutwa juu ya jiwe. Nikasema moyoni, tumepona. Halafu magurudumu yakashika maji. Ndege ikapiga pua, ikabinuka, mbingu ikaenda chini, na maji mekundu yakaingia kwa kioo.

Nilikuwa nimening'inia kichwa chini kama popo. Mkanda ulinikata tumbo karibu vipande viwili, lakini ulinishika. Mkono wa Waruguru ukaja ukanifungua, nikaanguka kwenye maji, mkono huo huo ukanisukuma kwa mlango ambao kiatu changu kilikuwa kimeuzuia. Sisi watu wa Nuu hatujui kuogelea. Tungeogelea wapi? Nilishika chuma cha gurudumu ambalo sasa lilikuwa linaangalia juu, nikatapika maji, nikaanza kuita Nzisa.

Ben akatokea upande wa pili. Waruguru akazama tena ndani. Akatoka na Kathini, ambaye alimkuta bado amening'inia kitini vile vile alivyofungwa. Akazama tena. Alikaa. Nilikuwa naangalia yale maji na niliona mapovu yakija, kisha hayaji.

Aliporudi alikuwa amemkumbatia Nzisa kwa nyuma, kidevu juu. Alimkuta mbele kule, miguuni mwa kiti changu, mahali nilipokuwa nimekaa. Alikuwa amerushwa juu ya kiti. Uso haukuwa na damu nyingi, kulikuwa na jeraha moja tu hapa kwenye paji, na shingo yake ilikuwa inakwenda kila upande.

Kwenye ukingo kulikuwa na watu waliokuja kuteka maji na punda. Hakuna aliyeingia, na siwalaumu. Lakini walimwaga maji ambayo walikuwa wameshayateka, wakafunga vifuniko, wakaturushia mitungi mitupu ya njano, kamba ya katani imefungwa, "Shika mtungi! Mzee, shika mtungi!" Tukavutwa hivyo, mmoja mmoja, kama ng'ombe aliyetumbukia.

Pale kwenye matope Waruguru alimlaza dada yangu akaanza kumbonyeza kifua. Alibonyeza na kupuliza, akabonyeza na kupuliza, na huku anahesabu kwa sauti ile ile. Mama mmoja akamwambia, "Msichana, mwache, ameenda." Hakuacha. Mimi ndiye nilimshika mikono. Ilikuwa baridi na haitetemeki.

Macho ya Nzisa yalikuwa wazi, yananiangalia mimi, meupe.

Tulimzika Nuu, kando ya mama. Mhubiri alisema Mungu amemfungua macho kwa njia yake mwenyewe, na watu wakaitikia. Mimi sikuitikia. Watu wa habari walikuja na kamera wakamsifu kapteni, na kusema kweli alistahili. Walisema ni mkono wa nani mwingine ungeweka ndege pale bila watu wote kufa. Walisema utulivu wake ndio uliookoa watu. Kila mtu alisema utulivu. Kanisani wakafanya ibada ya shukrani, wakaimba, na Ben akasimama kutoa ushuhuda, akalia hata asiumalize. Aliniambia baadaye kwamba injini ilipozima sauti ilimtoka, akafumba macho, hakuyafumbua mpaka maji yalipomfikia.

Kathini walimpeleka hospitalini kwa gari mito iliposhuka. Wakamtoa ule utando. Anaona sasa. Anatofautisha mpaka kuku wa jirani na wa kwake.

Siku aliyotoka huko alikuja kwangu kwa miguu, akasimama kwa mlango, akaniangalia juu mpaka chini.

"Kumbe ndiwe huyu," akasema. "Nzisa aliniambia umezeeka. Hakunidanganya."

Akaketi. Nilikuwa napura ndengu za Nzisa, zile alizopanda mwenyewe kwa kupapasa mistari. Alichukua fimbo ya pili akanisaidia bila kusema lolote. Halafu akaiweka chini.

"Mutie, hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Alivyosema."

Nikaacha kupura.

"Injini ilipozima," Kathini akasema, "mimi niliogopa, lakini yeye alinigusa paja akasema, sikia, imezima. Tumefika. Akasema hii kitu inakimbia kuliko lori, hata hatujakaa. Halafu yule msichana akasema tunashuka. Si ulimsikia? Alisema vizuri, bila haraka, kama makanga wa basi. Akasema tuinamishe vichwa. Nzisa akaniambia, ni shukrani sasa, inama. Tukainama. Akasema, Kathini, fungua mkanda. Nikamwambia si nilishakwambia siiwezi. Akasema ngoja nifungue yangu nikufungulie."

Kathini akashika tumbo lake mahali ambapo mkanda ulikuwa.

"Mkono wake ulikuwa hapa, Mutie. Ulikuwa umeshapata ile chuma. Angepata muda wa kupumua mara moja tu angenifungua na mimi."

"Na bwawa?" nikauliza. "Si alisema kwa bwawa?"

"Bwawa ni nini?"

Kwetu maji yaliyozuiliwa yanaitwa silanga. Hakuna mtu Nuu anayesema bwawa. Hilo ni neno la kitabuni, na Kiswahili cha Nzisa kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuza viondo na kununua chumvi. Mimi mwenyewe nililipata mbali. Msichana alisema tunashuka kwa kitu fulani. Nzisa akadhani labda ndilo jina la stesheni.

"Yule msichana akija kukuuliza," Kathini akasema akiondoka, "mwambie ilifunguka yenyewe. Wacha lawama iende kwa chuma. Huyo ni mtoto wa watu."

Na alikuja. Nilisikia gari likipanda kutoka korongoni, nikajua ni mgeni kwa jinsi lilivyohofia mawe. Aliliacha kwa lango la miti, akaja peke yake amevaa sweta ya buluu, amekonda. Nilimpa kigoda cha Nzisa kwa sababu hakukuwa na kingine. Nikampa uji kwenye kikombe akakishika kwa mikono miwili, asinywe.

"Mzee, nisamehe kuja bila kutuma mtu."

"Hapa hakutumwi mtu. Karibu."

Aliniambia hajapanda ndege tena, si kwamba amekatazwa. Aliniambia watu wake wa kazi wamempa cheti na chakula cha jioni. Akaniambia ndugu zake wanampigia makofi akiingia nyumbani. Alisema yote hayo kwa ile sauti. Nilianza kuifahamu ile sauti. Haikuwa kwamba haogopi. Ilikuwa ni mlango, na ameufunga na kuuegemea kwa nyuma.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," akasema. "Kifungo chake nilikifunga mimi mwenyewe. Nilikivuta. Ulikuwa pale, uliniona."

"Nilikuona."

"Ndege ilipotolewa majini nilikishika tena. Ni kizima. Hakijavunjika, hakijapinda. Kwa hivyo wengine wanasema sikukifunga. Wengine wanasema mama alishtuka, ni kipofu, akachanganyikiwa akafungua. Wananiambia hivyo kunifariji. Na mimi nafikiri ni kwa sababu sikutaja mikanda. Kulikuwa na neno la mikanda la kusema mwishoni, redio ikaita, nikalimeza. Mzee, nalala na hicho kifungo. Nikifumba macho ninakifunga, tk, ninakivuta, ninakifunga. Kama wewe unajua jambo, niambie. Kama hujui, sema hujui, nitaenda."

Nilikuwa nimejiandaa kabisa kusema kilifunguka chenyewe. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini lile la kushtuka lilinichoma. Nzisa alishtuka? Nzisa, aliyepanda mistari ya ndengu bila macho ikanyooka kuliko ya wanaoona?

"Dada yangu hakushtuka," nikasema. "Na wewe ulifunga sawa. Alifungua kwa sababu ulimwambia."

Akaniangalia.

Nikamweleza. Sikuongeza chumvi na sikupunguza. Injini ikizima. Nikiwaambia tunashuka. Tuinamishe vichwa. Nikamweleza habari ya bwawa na silanga. Nikamweleza ule mkono uliokuwa umeshafika kwenye kifungo cha Kathini. Nilipokuwa nasema nilikuwa naona yale maneno yakimwingia, na hakuna lililomrudisha nyuma. Uji ulikuwa umesimama kwenye kikombe, hauna hata wimbi.

Kuku wakaja wakadonoa miguuni pake.

"Kama ningepiga kelele," akasema.

Nikawafukuza wale kuku.

"Mzee, kama ningepiga kelele angejua."

"Angejua."

"Hata bila maneno."

"Hata bila maneno. Sisi tumezoea malori."

"Ningesema neno gani? Niambie neno ambalo angelielewa."

"Tunaanguka," nikasema. "Ungesema tunaanguka. Hilo analijua kila mtu."

Akatikisa kichwa polepole. "Hilo ndilo neno hatuambiwi tuseme. Tunafundishwa kwanza sauti, mzee. Kabla ya kugusa ndege. Kwamba watu wakisikia hofu kwako, wanakufa kwa hofu kabla hawajafika chini. Niliisomea hiyo sauti. Nilipita vizuri sana."

Nilitaka kumwambia kwamba bila ile sauti na mimi ningekuwa kando ya mama pale, na Kathini, na Ben. Ni kweli. Nililitafuta lile neno na lilikuwepo, lakini nilipofikiria kulisema niliona ni sifa tu kama zile za wenye kamera, na nikalinyamazia. Sijui kama nilifanya vizuri. Hata sasa sijui.

"Alitaka kuona nini?" akauliza. "Kwanza kabisa. Ben aliniambia kuna kitu alitaka kuona."

"Mimi."

Akaniangalia kwa muda, uso wangu huu, kana kwamba anafanya ile kazi kwa niaba ya mwingine. Akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Asante kwa kuniambia," akasema. Sauti ile ile.

Sikumsindikiza mpaka langoni. Nilisimama kwa mlango wa kibanda, ule ambao Nzisa alikuwa akiuacha bila kufuli. Sasa hakuna aliye hai anayejua nilikuwa na sura gani nikiwa kijana. Miguu haiwashi tena. Ningeenda wapi, na ni nani angejua kwamba nimeondoka?

Waruguru aliingia kwenye gari akafunga mlango. Nikasikia mkanda, tk. Akawasha injini. Gari likatetemeka pale, halikuenda mbele wala nyuma. Kisha akaizima.

Kukawa na ule ukimya. Nilisubiri nisikie mkanda ukifunguliwa, niende nimwambie lolote. Haukufunguliwa. Aliendelea kukaa mle ndani amejifunga, mikono kwenye usukani, na mimi nikaendelea kusimama mlangoni.